Miche Mnayonunua Ndiyo Bustani Tutakazoishi Nazo: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kaunti za Kando ya Ziwa na Magharibi

Kwa Waheshimiwa Magavana, mawaziri wa kaunti wa mazingira na wa kilimo, mameneja wa miji na wawakilishi wa wadi,

Pokeeni salamu zetu.

Sisi ni watunza vitalu vya miti na mboga za kienyeji katika Kisumu, Vihiga na Kakamega. Tunawaandikia kuhusu jambo ambalo liko mikononi mwenu kabisa, nalo ni aina ya miche inayonunuliwa kwa pesa za umma na kugawiwa watu wakapande majumbani. Mwananchi hupanda anachokikuta kitaluni. Kitalu nacho huotesha kile ambacho mnunuzi mkubwa ameagiza, na huku kwetu mara nyingi mnunuzi huyo ni serikali. Zabuni ya miche, hata ikiwa na mistari minne tu, ndiyo inayoamua bustani za Mamboleo, Luanda na Mumias zitakuwaje miaka 20 ijayo.

Leo bustani hizo zinafanana mno. Langoni kuna terminalia ya Madagaska iliyokatwa ngazi ngazi. Kwenye ua kuna duranta kutoka Amerika au saipresi kutoka Meksiko, na nyuma ya nyumba mistari ya mkaratusi wa Australia. Wenye nyumba hawakukaa chini wakapima siala (Markhamia lutea), mti wetu wa kienyeji, na terminalia, wakaikataa siala. Siala hawakuuziwa.

Pesa za miche zipo, na zitaendelea kuwapo. Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inaiagiza serikali ifanye kazi ya kufikia angalau asilimia 10 ya nchi ikiwa na miti. Desemba 2022 serikali ya kitaifa ilitangaza mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande. Jedwali la Nne la Katiba linaziachia kaunti utekelezaji wa sera za misitu na uhifadhi wa udongo na maji. Basi tuzungumze kuhusu miche yenyewe.

Kwanza tuondoe shaka moja. Hatupingi mti wa kigeni. Mwembe na mparachichi ni vya kigeni na tunavila, mahindi yalitoka Amerika, na grivilea imewajengea watu nyumba. Tunachopinga ni aina tatu au nne kugawiwa kila kona, kisha hesabu kufungwa. Hatari ya kutegemea aina chache tumeshaionja. Vidukari wa saipresi walipoingia Kenya mwaka 1990, nyua nyingi ziligeuka rangi ya kutu na kukauka, boma moja baada ya jingine, kwa sababu majirani wote walikuwa wamepanda kitu kimoja. Mwaka 2002 kijinyigu kiitwacho Leptocybe invasa, kinachotia vivimbe kwenye majani machanga ya mkaratusi, kilionekana huku huku magharibi mwa Kenya. Ua wenye mimea mitano tofauti haufi wote kwa mdudu mmoja.

Mmea wa kienyeji nao una kazi bustanini ambayo uzuri wa maua peke yake hauwezi kuifanya. Wadudu wengi wanaokula majani huweza kula mimea michache tu, ile ambayo vizazi vyao vimeizoea. Kiwavi wa kipepeo mwenye rangi ya machungwa na ncha nyeusi, anayeonekana sana kando ya barabara zetu, hula mimea ya utomvu mweupe ya jamii ya Gomphocarpus. Mimea hiyo ikifyekwa yote, kipepeo huyo hana pa kutaga. Ndege wadogo nao, hata wale wanaokula nafaka wakishakua, huwalisha makinda wao viwavi na wadudu laini. Bustani ya duranta na saipresi ina vichaka vya kujificha lakini chakula cha makinda ni haba. Kwa hiyo afisa nyanjani akiona tundu kwenye majani ya mti wa kienyeji kama musutsu, tunamwomba asimwambie mwenye boma anyunyize dawa. Mti wa kienyeji uliokomaa huvumilia kuliwa majani kiasi, na majani hurudi.

Nyuki hupata chakula kwenye maua ya musutsu (Croton macrostachyus, tebeswet kwa Wakalenjin), kwenye maua meupe ya mukumari (Cordia africana, ambao Nakuru wanauita muringa) na kwenye olusia, ule mti mchungu wa majani ya dawa. Orembe, yaani Erythrina abyssinica, hupukutisha majani na kutoa maua mekundu wakati wa kiangazi, mimea mingine ikiwa imekauka, na hapo ndipo ndege chozi huifuata. Ng'owo, ambao ni mkuyu, huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Matunda yake huwalisha shore, pasa, njiwa na popo, na hao ndio wanaobeba mbegu za miti mingine kutoka boma hadi boma. Ober (Albizia coriaria) na asawo (Sesbania sesban) hushirikiana na bakteria wa mizizini kuingiza naitrojeni udongoni. Mwenye shamba la mahindi anayeacha ober katikati ya shamba anajua anachokifanya.

Sasa tunafika mahali ambapo orodha nyingi za miti hukosea. Mti kuwa wa Kenya hakuufanyi uwe wa kila pahali Kenya. Kisumu mjini ni takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, joto limejaa mwaka mzima. Nakuru inakaribia mita 1,850, usiku ni baridi na udongo wa majivu ya volkano hunywa maji upesi. Kakamega hupata mvua nyingi kuliko zote mbili. Hata nyasi ya Kikuyu inayouzwa kwa bustani za Kisumu ni ya nyanda za juu zenye ubaridi. Huku ziwani hudai maji kila siku na bado huungua madoa madoa kufikia Februari. Ukoka wa kawaida unaotambaa wenyewe kando ya njia huvumilia joto hilo na kukanyagwa na watoto. Miti yetu yenyewe imeonyesha jambo hili nje ya kwao. Mutere wa Kakamega (Maesopsis eminii) ulipandwa Usambara, Tanzania, ukageuka mvamizi wa msitu wa pale. Spathodea campanulata, mti wa maua mekundu ya moto unaobeba jina la Nandi, umo katika orodha ya kimataifa ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi kwa sababu ya ulivyosambaa visiwa vya Pasifiki. Huku kwetu ni mti mzuri usiomdhuru mtu, mradi usipandwe karibu na paa, kwa sababu matawi yake ni mepesi kuvunjika kwenye upepo.

Kwa hiyo orodha moja ya kaunti nzima haitoshi. Udongo mweusi mzito wa tambarare za Kano, unaotuamisha maji Aprili na kupasuka nyufa Januari, unafaa asawo, chwaa (mkwaju), othoo (Balanites aegyptiaca) na migunga. Ukipeleka mwiritsa (Prunus africana) huko, umeutupa. Maseno, Vihiga na Kakamega kwenye udongo mwekundu wenye mvua, hapo mwiritsa, shikuma, mukumari, mutere na siala hustawi. Nakuru tungeagiza mutamaiyo (mzeituni mwitu), mtarakwa, mukinduri (Croton megalocarpus), na mgunga wa gome la manjano ule unaozunguka Ziwa Nakuru, pale maji yanapokuwa karibu. Orodha ya wadi, yenye aina 8 hadi 12 zilizopimwa kwa udongo na maji ya pale, inatosha karatasi moja.

Tukija kwenye zabuni, tatizo kubwa ni muda. Tangazo likitoka Februari likitaka miche laki moja kufikia mwisho wa Machi, hakuna mti wa kienyeji utakaokuwa tayari isipokuwa kitalu kiwe kilijikisia tu. Kitakacholetwa ni kile kinachoota haraka na ambacho mbegu yake hukaa dukani. Mbegu nyingi za miti ya kienyeji hazikai. Mwiritsa huzaa tunda dogo la zambarau iliyokoza. Nyama yake huoshwa, kisha mbegu husiwa ikiwa mbichi, maana ikiachwa ikauke kabisa huanza kufa. Kuota huchukua wiki kadhaa, na mche wa kupandwa huhitaji karibu mwaka mzima. Soget, ambayo Wakikuyu huiita muthiga (Warburgia ugandensis), ni vivyo hivyo: mbegu haitaki kuanikwa juani hata kidogo. Mukinduri ina mafuta mengi kwenye mbegu, na mafuta hayo huharibika ghalani. Siala ni rahisi zaidi. Ganda lake refu huvunwa likishageuka kahawia na kabla halijapasuka, kwa sababu likipasuka mbegu zenye mabawa huchukuliwa na upepo asubuhi moja. Miezi 4 hadi 6 inamtosha mche wa siala. Mukumari ina utelezi unaonata. Mbegu hulowekwa, husuguliwa kwa mchanga mpaka utelezi uishe, na hata hapo huota kwa zamu, mwingine wiki ya sita, mwingine wiki ya tisa. Kitalu kisichojua hilo humwaga kitanda kizima kikidhani mbegu zimekufa.

Asawo na migunga ni kinyume chake, ganda la mbegu ni gumu mno. Maji huchemshwa, huepuliwa, mbegu humwagiwa na kuachwa humo mpaka asubuhi. Zilizovimba husiwa, zisizovimba hurudiwa. Zikichemshwa juu ya moto zinakufa, na kosa hilo bado liko kwenye vitalu vingi vya shule.

Tunaomba basi maagizo yatoke miezi 10 hadi 12 kabla ya mvua inayolengwa. Kwa mvua ndefu za Machi, mkataba utiwe saini kufikia Mei ya mwaka uliotangulia. Mkataba utaje aina kwa jina la kisayansi na jina la eneo, kwa sababu neno "kroton" peke yake humwezesha mtu kuleta musutsu, au mukinduri, au hata lile ua la majani ya rangi rangi la ofisini ambalo ni mmea mwingine kabisa kutoka Asia.

Ubora wa mche nao uandikwe. Urefu wa sentimita 30 hivi, shina limeanza kugeuka gumu, na mizizi haijajizungusha chini ya karatasi, yaani mfuko wa plastiki wa mche. Afisa anayepokea achague miche 10 kutoka kwenye lori bila kuchaguliwa na mwenye mzigo, achane karatasi na aangalie. Mzizi mkuu uliojikunja duara utaendelea kukua duara ardhini. Mti utaonekana mzima miaka mitatu au minne, kisha upepo utaulaza, na mwenye boma atasema miti ya kienyeji ni dhaifu. Dawa ni kukata mizizi inayotoka chini ya karatasi kila wiki chache na kuhamisha mche kabla haujazeeka kitaluni. Mwezi wa mwisho kivuli huondolewa na maji hupunguzwa polepole. Mche ambao haujazoeshwa hivyo huungua majani siku tatu baada ya kupandwa, na tunaona wengi wakifa namna hiyo.

Siku ya kupanda ifuate mvua. Ardhi ichimbwe kidogo kwanza: kama unyevu haujafika sentimita 30 chini, miche isubiri, hata kama mahema yameshafungwa na wageni wamealikwa. Shimo liwe sentimita 45 kwa 45 kwa 45. Udongo wa juu uwekwe upande wa kulia, wa chini upande wa kushoto, kisha ule wa juu uchanganywe na samadi iliyooza na urudi kwanza, kuzunguka mizizi. Karatasi itolewe. Tunalisema hili kwa sababu miche mingi inayong'olewa ikiwa imekufa bado iko ndani ya karatasi yake, mizizi imefungwa kama siku iliyotoka kitaluni. Kwenye udongo mweusi wa Kano mti upandwe juu ya kilima kidogo cha sentimita 20 hivi ili shingo yake isikae majini. Kwenye mteremko wa Riat au Maragoli hufanywa kinyume, kikingamaji cha nusu mwezi upande wa bondeni. Matandazo yawe na kina cha vidole vinne na yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Yakigusa shina, mchwa wanaokuja kula majani makavu humalizia gome. Kiangazi cha kwanza lita 5 za maji kila baada ya siku tatu au nne ni bora kuliko kikombe kila jioni, kwani kikombe huivuta mizizi juu.

Ploti nyingi za mjini ni futi 50 kwa 100, takriban mita 15 kwa 30, na watu hutuuliza kama mti wa kienyeji unaweza kutoshea humo. Unatoshea ukichaguliwa. Kwenye ploti ya Kisumu tungeweka siala au mukumari mmoja upande wa magharibi wa nyumba, mita 5 kutoka ukutani, ili kivuli chake kilifunike dirisha la alasiri jua linapochoma zaidi. Matawi ya chini yapogolewe hadi mita 3, upepo wa ziwa wa mchana upite. Mkuyu usiwekwe hapo kabisa. Mizizi yake hutafuta maji, na shimo la choo au bomba lenye ufa huwa ndio kisima chake. Mkuyu unahitaji mita 15 hadi 20 kutoka jengo lolote, kwa hiyo mahali pake ni boma kubwa, ukingo wa mto au uwanja wa shule. Yago (mwegea) nao una tunda linaloweza kuzidi kilo 5, na hakuna anayetaka lianguke juu ya gari au mtoto.

Ua ndio sehemu ambayo kaunti ingeweza kubadilisha haraka zaidi, kwa sababu kila mtu huanza na ua. Ochuoga (Carissa) ina miiba, haikauki majani, maua yake meupe yananukia vizuri, na matunda yake meusi huliwa yakiiva. Mbegu hutolewa kwenye tunda bivu, huoshwa na kusiwa mara moja. Hupandwa mistari miwili iliyopishana, sentimita 40 kati ya mche na mche, na hapa watu hukosa subira: ikifika goti ikatwe irudi sentimita 20, ichipue kutoka chini. Isipokatwa mapema hukua na miguu mitupu, na mbuzi hupita chini yake. Itachukua miaka miwili hadi mitatu kufunga. Wakati huo mwenye nyumba anaweza kuchanganya vipandikizi vya orembe kila mita 3, vipande vya urefu wa mtu vilivyoachwa kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha vikachimbiwa kwa kina cha nusu mita. Ojuok (mnyaa) hufunga haraka na ni wa asili Afrika, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Tusiupeleke kwenye shule za chekechea.

Kando ya ua, mahali pa jua, Leonotis yenye mafundo ya maua ya machungwa humleta chozi inapochanua. Haihitaji mbolea wala maji ya bomba.

Kuhusu mboga, Waheshimiwa, mimea ya kienyeji inayoliwa ndiyo iliyo karibu zaidi na watu. Kazi ya Profesa Mary Abukutsa-Onyango kuhusu mboga za Kiafrika inajulikana duniani, na Desemba 2021 juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili ziliingizwa na UNESCO katika rejista yake ya mifano bora ya uhifadhi. Na bado pakiti za mbegu zinazogawiwa vikundi vya akina mama mara nyingi ni sukumawiki, kabeji na nyanya.

Kitanda cha upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo, na debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita 2 za mraba, kinatosha kuanza. Dek (saga) husiwa moja kwa moja, mbegu zikichanganywa na mchanga mkavu ulio mara kumi ya wingi wake, mistari ikiachana sentimita 30, na hupunguzwa baadaye mpaka sentimita 15. Mbegu ya dek iliyovunwa juzi haioti vizuri. Ina usingizi wa miezi mitatu au zaidi, na wengi huilaumu mbegu ilhali ilikuwa haijaamka. Apoth, yaani mrenda, ina ganda gumu. Mbegu hufungwa kwenye kitambaa, huzamishwa kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kwa sekunde 10, hupozwa na kusiwa. Osuga (mnavu) huanzia kitaluni na kuhamishwa ikiwa na wiki 4 hadi 5. Mitoo (Crotalaria) husiwa shambani na hurutubisha udongo, kwa hiyo ifuatiwe na osuga ambayo hula rutuba nyingi.

Uharibifu mkubwa uko kwenye kuhifadhi mbegu, na hapa maafisa wa ugani wanahitajika kweli. Mkulima huchuma majani ya kitanda kizima, kisha mimea iliyochoka na iliyotangulia kutoa maua ndiyo inayoachwa ikomae. Akifanya hivyo misimu mitatu, amejichagulia mwenyewe dek inayotoa maua ikiwa na urefu wa shubiri. Mimea ya mbegu itengwe mapema, 20 au zaidi, yenye majani mapana na inayochelewa kutoa maua, ifungwe uzi na isichumwe hata jani. Osuga ya mbegu huvunwa matunda yakiiva kabisa, hupondwa ndani ya maji, huachwa usiku mmoja, huoshwa mpaka maji yawe safi, na huanikwa kivulini. Maji ya tunda yasipooshwa huizuia mbegu kuota.

Turudi kwenye miti, kwa sababu kuna jambo lisiloweza kusubiri. Miti mama inaisha. Mbegu nzuri hukusanywa kutoka miti mingi ya aina moja, ikiwezekana 30, iliyoachana angalau mita 50, ili miche isiwe ndugu wa tumbo moja. Mti uliobaki pekee yake kwenye boma hujichavusha au haupati mbegu kabisa. Mvule (olua) ndio mfano unaotutia uchungu zaidi. Una mti dume na mti jike, kila mmoja kivyake. Mfanyabiashara akikata majike mawili yaliyobaki katika lokesheni, madume yote yanayosalia hayatazaa mbegu hata moja. Mwiritsa nao huvunwa gome kwa ajili ya dawa, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Lakini gome likichunwa kuzunguka shina lote mti hufa, na udhibiti wa mipakani hauufikii mti ulio nyuma ya nyumba ya mtu.

Tunaomba kila wadi iandikishe miti mama yake: aina, mahali, mwenye boma, jike au dume panapohusika. Mwenye boma alipwe kwa mbegu kila msimu, kwa kilo, kwa bei inayojulikana. Mvule unaoingiza pesa ya mbegu kila mwaka utakatwa kwa shida. Na atakayepanda mvule asiupange mistari kama mkaratusi. Mdudu aitwaye Phytolyma hufanya vivimbe kwenye machipukizi yake, vivimbe hupasuka na kuoza, na shamba la mvule mtupu linaweza kuangamia lote likiwa changa. Mti mmoja hapa na mwingine kule, katikati ya miti mingine na chini ya kivuli chepesi, huponyoka.

Kuhusu wafyekaji wa kando ya barabara na mito kama Kisat, Auji na Nyamasaria, maagizo ya kazi yataje pia mimea ya kuachwa. Leo panga halichagui. Lantana, kichaka cha kigeni ambacho kingepaswa kung'olewa na mizizi, hufyekwa juu na kuchipua mara mbili, huku miche ya siala na musutsu iliyojiotea bure ikikatwa pamoja nayo. Wafanyakazi wafundishwe kutambua miche mitano au sita ya kienyeji na waifunge utepe siku moja kabla ya kufyeka. Duranta na lantana zitolewe kwenye orodha za mapambo ya umma. Ndege hula matunda yake na kuyapanda wasikotakiwa.

Mwisho ni malipo. Anayelipwa kwa idadi ya miche iliyoshushwa kutoka kwenye lori hana sababu ya kujali kilichotokea Januari. Tunapendekeza asilimia 60 ilipwe miche ikipokelewa na kukaguliwa mizizi, na 40 ilipwe baada ya miezi 12 kulingana na miche iliyo hai, ikihesabiwa na afisa wa kaunti pamoja na mwakilishi wa wanakijiji. Sisi wenyewe tuko tayari kufungwa na sharti hilo.

Orodha za aina zinazofaa kwa kila wadi tumeanza kuziandaa, pamoja na muda wa kila mbegu kuiva na kuota, na tutazileta kwenye vikao vya umma vya bajeti. Maafisa wenu wanakaribishwa vitaluni siku yoyote ya kazi. Waje na jembe na wembe wa kuchania karatasi, tuanze na mizizi.

Wenu,
Watunza vitalu vya miti na mboga za kienyeji,
Kisumu, Vihiga na Kakamega